Ananisaidia kuchapa

Saa saba usiku, bado nipo mezani. Maneno mawili tu yananikosesha usingizi.

Waliosikiliza redio Jumatatu asubuhi wanajua. Kwa ambao mlikuwa kazini: tulialikwa mimi na Ticha, mwandishi mwenzangu, tuongelee igizo letu. Mtangazaji, kijana mchangamfu, sina neno naye, akauliza ile "Karibu, hatupo" ilitoka wapi, maana siku hizi hata makonda wanaitumia daladala ikijaa. Ticha akakohoa kidogo, kile kikohozi chake cha kuingilia darasani, akasema: "Aa, ile ilinijia tu usiku, nimelala zangu. Asubuhi nikampigia Dada huyu. Yeye ananisaidia kuchapa."

Mimi nikacheka.

Hapo ndipo panaponiuma. Kusema kasema yeye, lakini kicheko ni changu, na kilienda hewani nchi nzima. "Hehe." Ya mke wa mchungaji mbele ya wageni. Kipaza sauti kipo mdomoni, taa nyekundu inawaka, miaka sita tunaandika pamoja, na mimi mwandishi wa vichekesho natoa "hehe". Jibu limekuja Jumatano, nimesimama foleni ya daladala Mwenge: "Ni kweli, tumegawana kazi. Yeye analala, mimi nachapa." Nikalisema kwa sauti. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akasogea pembeni.

Tangu hapo nalirudia. Nikiosha vyombo nalisema kwa upole, nikifunga mlango nalisema kwa ukali, na kila mara studio nzima inaanguka kwa kicheko na Ticha anainamisha kichwa. (Mengine ya wiki hii: kituo kimetuongezea vipindi 26, na mdogo wangu kavishwa pete Morogoro. Picha nitaweka.)

Na si kwamba Ticha hajui. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za wale Waingereza, Ray Galton na Alan Simpson, waliokutana mwaka 1948 wakiwa vijana wamelazwa hospitali ya kifua kikuu. Pale pale wakaanza kuandika vichekesho. 1954 wakawa wanamwandikia Tony Hancock kwenye redio ya BBC, 1956 wakahamia naye kwenye televisheni. Kila tukikwama Ticha huitoa hadithi hiyo kama mtu anayetoa picha ya harusi. Sasa, kwenye taipureta alikaa Simpson. Wewe umewahi kumsikia mtu akisema Simpson alikuwa anamsaidia mwenzake kuchapa?

Nieleze basi huo mstari wa "Karibu, hatupo", maana wengine mmeanza kutusoma juzi. Mwenye nyumba kaja kudai kodi ya miezi mitatu. Wapangaji wamezima taa, wamejificha. Anapiga hodi. Kimya. Anapiga tena. Ndani inatoka sauti: "Karibu, hatupo." Basi. Mtu aliyelelewa hapa kwetu akipigiwa hodi, "karibu" inamtoka yenyewe, akili inafika baadaye. Redioni ilitosha mlio wa mlango na kimya cha sekunde mbili. Kwenye televisheni ikafa kabisa, kwa sababu mtazamaji anawaona wamejibanza chini ya kitanda, na "hatupo" inakuwa uongo tu kama uongo mwingine. Tulihangaika siku tatu. Mwisho tukamfanya mume aseme "Karibu" kwa mazoea, ajizibe mdomo, halafu mke amalizie kwa kunong'ona, kama anayemsaidia mgeni asipoteze muda. Hilo la mke ni langu. Mwongozaji alikuwepo, aulizwe.

Nilikuwa nimefika hapo, nimeshaandika na aya nyingine kali nimeifuta, ndipo nikakumbuka simu ya mama jioni.

Mama yupo Tanga, redio yake haizimwi. Shikamoo, marahaba, hali ya hewa, magoti, halafu akashusha sauti: "Mwanangu, nikuulize kitu, usinifiche. Yule Ticha anakuchapa?"

"Ananichapaje, mama?"

"Nimesikia mwenyewe redioni. Mambo ya kuchapa. Na wewe unacheka! Mtu mzima, una watoto wako, unachapwa na mwalimu halafu unacheka?"

Nilikaa chini sakafuni jikoni. Nilicheka mpaka machozi, mama naye upande wa pili anazidi kukasirika, anataka kumtuma mjomba. Na nikajikuta nimeshafungua WhatsApp kumwandikia Ticha, nimefika kwenye "Sikia hii". Kwa sababu nani mwingine atajua mara moja kwamba hicho ni kipindi kizima, kwamba mjomba lazima afike na fimbo na amkute Ticha anasahihisha madaftari? Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta.

Badala yake nikaenda kutafuta ushahidi. Kaunta buku ya mwaka ule ipo chini ya kabati, panya wameanza na jalada. Nilitaka nipige picha ukurasa, mwandiko wangu, tarehe, niuweke hapa mjionee wenyewe.

Mwandiko ni wangu kweli. "Karibu baba mwenye nyumba, ila sisi wenyewe hatupo, tumesafiri tangu juzi." Maneno kumi na moja, nimeyapigia na mstari kwa furaha. Juu yake imepita kalamu nyekundu, ile ile aliyotoka nayo shuleni, imefuta tisa. Yamebaki la kwanza na "hatupo". Pembeni kaweka tiki, na chini ya tiki kaandika "Vema".

Vema! Kama nipo darasa la tatu.

Nimeuangalia ule ukurasa muda mrefu. Mawili yaliyobaki ni ya kwangu. Ila yakiwa kumi na moja hayamchekeshi mtu, nimejaribu kuyasoma kwa sauti sasa hivi. Picha sijapiga. Kwamba ilimjia amelala, hapo bado namdai, na hilo nitamwambia Jumatatu ana kwa ana, tukishamaliza kipindi cha mjomba.

Halafu nimeinuka kwenda kulala, nimepita kwenye mita. Niliweka umeme wa elfu kumi Jumapili, leo Alhamisi zimebaki uniti 6. Pasi sijagusa wiki nzima. Friji linaunguruma bila kupumzika, na mpira wa mlango nikiubonyeza unarudi nje wenyewe. Fundi wa mwanzo alisema ni gesi, wa pili kasema ninunue jipya.