Dola sitini za barabara

Siku ya tatu tangu nirudi Goma, mashariki mwa Kongo, moto (pikipiki) ilinikosakosa mbele ya lango la kwetu, Mabanga Sud. Nusu ya kosa ilikuwa yangu. Miaka kumi na mmoja nimeishi Kampala, ambako magari hupita kushoto, na shingo imezoea kutazama kulia kwanza kabla mguu haujavuka. Huku kwetu hatari ya kwanza hutokea kushoto. Motari akapiga honi, akanitupia neno la Kilingala ambalo sitaliandika hapa, akaenda zake bila kupunguza mwendo. Mama alikuwa barzani akichambua sambaza, dagaa wa ziwani. Alicheka hadi akaweka beseni chini.

"Karibu kwenye barabara yako, Papa," akaniambia.

Barabara yangu. Ndivyo anavyoiita, hata mbele ya wageni, na sasa nimeelewa kwamba si sifa.

Anayeijua Goma hahitaji kuelezwa avenyu zetu, yaani njia za mitaani, zilivyokuwa. Mji umekaa juu ya lava. Ile ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu wakajenga upya juu yake, kuta zikiwa za mawe yaleyale. Hata hilo jina Mabanga, kwa Kilingala, ni mawe. Avenyu yetu ilikuwa na vichwa vya mwamba vilivyochomoza kama migongo ya viboko, na dereva wa teksi akikuleta kutoka mjini alikushusha barabara kuu, umalizie kwa miguu na mzigo kichwani. Moto zilizothubutu kuingia zilipita polepole kama mtu mwenye kidonda unyayoni. Tuliichukia. Lakini katikati yake tulicheza mpira wa matambara mpaka giza, na sikumbuki mtoto hata mmoja aliyegongwa. Kukatwa vidole vya miguu, ndiyo, kila wiki.

Kisha ikaja Mei 2021. Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22. Lava iliishia pembeni mwa mji, upande wa kaskazini, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku kadhaa na nyufa zikafunguka barabarani. Asubuhi ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza kwamba kartie (mitaa) kumi zihame, yetu ikiwemo. Bibi, mama yake Mama, alikuwa hawezi tena kutembea. Gari la mjomba lilifika kwenye kona likashindwa kuingia. Jirani wa nyumba ya tatu, ambaye anaishi kwa kusukuma chukudu, skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, akatandika godoro juu ya mbao, wakamlaza Bibi, vijana wawili wakashika ubavuni, na wakamvusha mwamba mmoja baada ya mwingine hadi barabara kuu, ambako nusu ya mji ilikuwa imeshaelekea Sake. Mimi nilikuwa Kampala nimeshika simu, sauti zikikatika. Nilisikia Bibi akiwaambia wapunguze, kiuno kinamuuma. Hicho ndicho kitu nilichokisikia vizuri kuliko vyote siku ile.

Waliporudi, avenyu ikaamua kuchanga ili gari liweze kuingia hadi mlangoni. Kila nyumba dola kumi. Sisi tulio nje tuliombwa zaidi, maana inaaminika huko tunalalia pesa. Nilituma sitini, na kwa mshahara wangu wa wakati ule zilikuwa nyingi. Vijana walivunja mwamba kwa nyundo salongo (kazi ya pamoja ya mtaa) baada ya salongo, malori mawili yakamwaga kokoto, ikashindiliwa. Nilitumiwa video. Niliitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kitu ambacho hakuna aliyekifikiria, nami nikiwa miongoni mwao, ni kwamba avenyu yetu inaunganisha barabara mbili kubwa. Ilipokuwa ya mawe, hilo lilikuwa jambo la kwenye ramani tu. Ilipolainishwa, wamotari waliligundua ndani ya wiki moja. Barabara kuu ikijaa, zote zinamwagikia kwetu. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi ni moto yenye abiria watatu, moto yenye bidoni sita za maji ya ziwa, moto yenye mbuzi, kisha gari la mtu anayekwepa msongamano akiwa na hasira tayari. Vumbi letu ni jeusi na jembamba, linapita hata kwenye chandarua. Meza ya sambaza ya Mama, iliyokaa nje ya lango tangu nikiwa shule ya msingi, imehamia ndani, na wateja wapitao hawaioni tena.

Na maji! Zamani mvua ikinyesha, maji yaliingia kati ya mawe na kupotea. Ndio maana mji huu hauna mto. Sasa yanateleza juu ya kokoto iliyoshindiliwa, na kwa kuwa hatukuchanga pesa za mtaro, yanaingia kwa jirani wa chini. Yeye naye alitoa dola kumi.

Mwezi wa tatu mjukuu wa nyumba inayotazamana nasi aligongwa, akavunjika mguu. Amepona, anachechemea kidogo akichoka. Motari aliyemgonga ndiye aliyembeba hospitalini, akalipa alichoweza, na hadi leo akipita hapa huzima injini na kusukuma. Nalisema hili kwa sababu siku hizi motari ndiye shetani wa kila hadithi ya mji huu. Vijana wengi wanaoendesha wana diploma nyumbani na hawana kazi nyingine.

Shefu wa avenyu alituita Jumapili, viti vya plastiki uani kwake. Muzee mmoja akasema turudishe mawe. Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika, maana hakuna aliyekuwa na wazo zuri zaidi. Mama mwenye duka la kona akasimama: tangu barabara ifunguke anauza soda na vocha mara mbili ya zamani, na yeye hatarudisha jiwe lolote. Jirani wa chukudu akasema taratibu kwamba gunia za makala (makaa) alizokuwa akizileta kwa jasho la kutwa sasa anazileta kabla ya saa sita. Nani angemjibu huyo? Wote tulikumbuka godoro. Wajumbe walikuwa wameshatumwa ofisini kuomba dodani (tuta la kupunguza mwendo) na kibao. Waliambiwa avenyu hii haimo kwenye mpango wa barabara, kwa hiyo haiwezi kuwekewa kitu. Vijana walipojimwagia dodani yao ya udongo, ofisi ileile ikatuma ujumbe kwamba ni marufuku kuweka kizuizi barabarani bila kibali. Kumbe ikiwekewa kitu inakuwa barabara.

Najua kuna watakaosoma hapa wakashangaa. Mji umechukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, na nyinyi mnakaa vikao vya dodani? Nilimuuliza Mama karibu hivyohivyo, nikijiona mwerevu. Akanijibu bila kuacha kuchambua samaki: "Hayo makubwa, nani ameniuliza? Hii barabara iko mbele ya mlango wangu."

Jumamosi iliyopita tulifanya salongo. Nilishika nyundo, nikapata malengelenge kabla ya saa tatu, na vijana wakaniita "Mganda" mchana kutwa. Tulipanga mawe meusi kukata barabara, marefu kama kiganja, tukayafunga kwa udongo na saruji kidogo iliyotolewa na mama mwenye duka mwenyewe; alisema asihesabiwe adui. Kwa ajili ya chukudu tuliacha mwanya pembeni, upande wa kwetu. Chukudu iliyobeba gunia nne haina breki ya kuaminika wala mtu wa kuinyanyua. Ikigonga jiwe inapinduka na kumlalia mwenyewe. Jirani alikuja na chukudu yake tukapima, magurudumu yakapita sawasawa.

Na penye gurudumu la chukudu, moto inapita. Jumapili jioni zilikuwa zimeshajua. Zilikuja moja moja kwenye mwanya, zimejikunja upande, karibu kabisa na lango letu, na mwendo ni uleule. Kijana mmoja akanipungia mkono kunishukuru.

Tulibishana kuhusu mwanya huo hadi Jumatatu usiku: nguzo, mnyororo, kijana wa zamu wa kulipwa. Jumanne asubuhi niliamka nikakuta barza tupu. Mama alikuwa nje. Ametia kigoda chake katikati ya mwanya, beseni la sambaza mapajani, meza pembeni, kitambaa juu ya samaki. Moto zinapanda dodani mojamoja, zikilalamika. Chukudu ikitokea, anaisikia kwa mlio wa mbao kabla ya kuiona. Ananyanyuka, anavuta kigoda, anaipisha, wanasalimiana, anarudi kukaa.

Kufikia saa nne alikuwa ameuza nusu beseni.