Kwaresima: arobaini inahesabiwaje?

Injili: Mathayo 4:1-11

Tumsifu Yesu Kristo.

Dominika ya kwanza ya Kwaresima Injili hutupeleka jangwani, Yesu akifunga siku arobaini mchana na usiku. Jina la kipindi chenyewe limebeba hesabu hiyo. Kwa Kilatini ni quadragesima, yaani “ya arobaini”. Wagiriki nao walisema tessarakostē kwa maana hiyohiyo, na neno hilo limo katika kanuni ya 5 ya Mtaguso wa Nisea, mwaka 325.

Midomo ya watu haikuliacha neno refu kama lilivyo. D na g za katikati zikamezwa, Waitaliano wakabaki na quaresima, Wareno quaresma, Wahispania cuaresma. Wafaransa walisema quaresme, kisha s ikanyamaza. Leo huandika carême, na ile kofia juu ya e ni alama ya s iliyopotea. Waromania ndio waliokwenda mbali zaidi. Katika maneno yao kadhaa qu ya Kilatini iligeuka p: aqua, maji, ikawa apă, quattuor, nne, ikawa patru. Ndiyo maana jina lao la zamani la kipindi hiki ni păresimi, ambalo ukilisikia huwezi kudhani ni ndugu wa Kwaresima yetu. Hata karantini ni wa ukoo huo: imetokana na quaranta, arobaini, siku ambazo Venezia ilizuia meli kwa kuhofia tauni.

Sasa chukua kalenda. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, na hapo wengi huchanganyikiwa. Toa Dominika 6, maana siku ya Bwana haifungwi, zinabaki 40. Zamani Roma ilianzia Dominika ya kwanza: majuma 6 yenye siku 6 za kufunga ni 36 tu, kwa hiyo zikaongezwa 4 mwanzoni. Milano, kwa liturujia yake ya Kiambrosi, bado huanzia Dominika. Ukihesabu kila siku hadi Alhamisi Kuu, nao wanapata 40.

Lakini kufunga kwenyewe, kwa sheria ya Kanisa Katoliki, kunalazimu siku mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Anayefungwa na sheria hiyo ni aliyetimiza miaka 18 hadi anapotimiza 59. Kuacha nyama siku ya Ijumaa huanzia miaka 14. Papa Paulo VI alieleza kipimo mwaka 1966: mlo mmoja wa kushiba, na kitu kidogo asubuhi na jioni. Wagonjwa hawalazimiki. Mama mjamzito au mwenye kisukari anayejilazimisha haongezi utakatifu, anaongeza hatari.

Siku nyingine ni za hiari, na hapo ndipo mambo huharibika. Anayeahidi kuacha soda, sukari, nyama na mitandao kwa pamoja huwa ameachia yote kabla ya Dominika ya tatu. Chagua moja unayoweza kuifikisha Pasaka. Wengine hufidia Dominika kwa kula ya juma zima. Dominika ni furaha ya Ufufuko, haikuwekwa iwe siku ya kulipiza.

Kosa lililo baya zaidi, kwa maoni yangu, ni mfungo usiomfikia mtu mwingine. Isaya 58:7 unataka mwenye njaa agawiwe chakula, na Papa Leo Mkuu, karne ya 5, alihubiri kwamba anachojinyima mfungaji kimlishe maskini. Basi bei ya mlo ulioachwa itiwe kwenye bahasha siku ileile, ikabidhiwe jumuiya kila wiki. Anayesema atajumlisha mwishoni hukuta fedha ilishaishia kwenye nauli na vocha.