Mdogo wangu alipozingirwa na moto Australia, sisi tukiwa Mafinga

Mdogo wangu ameolewa Batemans Bay, mji wa pwani katika jimbo la New South Wales. Sisi wengine tuko Mafinga, wilayani Mufindi, Tanzania. Moto mkubwa wa mwishoni mwa 2019 ulipoanza kusogelea kwao, huku kwetu mvua ilikuwa inanyesha, matope hadi mlangoni, na mama anauliza akiwa jikoni, "Sasa wenzetu mvua ya Desemba imewapitia wapi?" Nikamweleza kwamba kule Desemba ndiyo mwezi wa joto, linapita nyuzi 40, na ukame ulikuwa umeshawakaa. Hilo akalielewa. Lililomshinda ni ndege: wana ndege za kumwaga maji, mbona hawazimi?

Hapo kukulia Mufindi kulinifaa. Mtu wa jirani na msitu wa Sao Hill kila Septemba na Oktoba analala sikio moja wazi. Nikamwambia, mama, hii miti yetu ya milingoti, yaani mikaratusi, asili yake ni hukohuko Australia. Majani yana mafuta, na gome likishika moto linabebwa na upepo, linadondoka mbali na kuwasha kwingine, barabara ya kuzuia moto ikabaki nyuma. Ndege inapunguza tu kasi ya moto, na upepo ukizidi hairuki. "Basi wakimbie mapema," akasema. Ndicho hasa serikali yao inachosisitiza tangu moto wa Februari 2009 ulipoua watu 173 jimboni Victoria.

Kilichofuata ni kazi ya maswali. "Mko salama?" ni swali la kumtuliza anayeuliza. Anayeulizwa anajibu "tupo" hata kama hajui. Mimi nilimuuliza: gari lina mafuta? Pasi za kusafiria na dawa za shemeji ziko begi gani? Barabara ya kwenda Canberra ikifungwa mtapita wapi? Simu zikikatika, mtakuwa wapi? Hili la mwisho ndilo lililotuokoa baadaye, maana alinitajia kituo walichopangiwa kukimbilia, akaniambia, "Dada, tukipotea hewani jua tuko pale."

Tukakubaliana pia mtu mmoja ndiye atakayemtafuta, nami nitapeleka habari kwa wengine, chaji yake isiishe kwa kuwajibu ukoo mzima. Kaka alinuna. Aliona nimejipa cheo. Nikamwacha anune.

Ramani niliipata kwenye programu ya zimamoto wa jimbo lao, Fires Near Me. Kila moto una alama yake, na wakati ule rangi zilikuwa tatu: bluu ni taarifa, njano ni jiandae kuondoka, nyekundu ni hatari imekufikia. (Siku hizi zimekuwa njano, chungwa na nyekundu, kwa hiyo mwenye ndugu kule asije akaiona njano akashtuka bure.) Kilichonisumbua ni saa. Wako mbele yetu kwa saa nane miezi hiyo, kwa hiyo mchana wao wa joto na upepo unaangukia usiku wetu wa manane hadi asubuhi. Nikaamua kulala mapema na kuamka saa kumi alfajiri, kwao saa sita mchana. Kukesha tangu jioni ni kupoteza nguvu, wakati wao ndio wamelala.

Asubuhi ya Desemba 31 nikakuta ujumbe wangu una tiki moja ya kijivu. Haikuongezeka. Umeme na mitandao ya simu ilikuwa imekatika sehemu kubwa ya pwani ile, na mjini kwao alama ilikuwa nyekundu. Sitasema sikutetemeka. Ila niliweza kumwambia mama kitu chenye mwili: wapo kituoni, karibu na maji, wamefika kabla, na simu hazipatikani kwa mji mzima, si kwao tu. Nikawasha redio yao ya taifa, ABC, kwa intaneti, nikawa nasikiliza majina ya barabara. Mama hajui Kiingereza lakini alikaa nami akisikiliza, akinishika mkono kila likitajwa Batemans Bay.

Mwaka Mpya ndipo jibu lilipoingia: "Tupo. Moshi tu. Nyumba imepona, ya jirani hapana."

Katikati ya hayo, mjomba akarusha kwenye kundi la ukoo picha ya Australia nzima inawaka, kona hadi kona. Simu yangu ikajaa vilio. Picha ile ilisambaa dunia nzima Januari hiyo, na kumbe ilikuwa mchoro wa kompyuta uliojumlisha moto wa takriban mwezi mzima. Nikawakumbusha kuwa nchi ile ni zaidi ya mara nane ya Tanzania. Binamu yetu wa Perth, waliyekuwa wanamlilia, alikuwa mbali na moto ule kwa maelfu ya kilomita, yuko kazini kwake.

Mvua kubwa ilikuja kwao Februari 2020. Siku hizi Novemba ikifika mdogo wangu ananitumia mpango wake bila kuombwa, na Septemba ananiuliza kama tumelima barabara za moto kwenye miti ya mama. Mjomba hajabadilika. Juzi katuma volkano ya nchi gani sijui, chini kaandika: "Muombeeni mtoto wetu."