Insha ya matini tatu iliyokuwa vipande vitatu
Mada: adha ya usafiri Dar es Salaam. Matini: makala kuhusu mwendokasi (mabasi yenye njia yake maalumu), shairi la konda wa daladala, na mahojiano na abiria wa Mbagala. Rasimu ya kwanza iliipa kila matini aya yake, kisha hitimisho. Huo ni muhtasari mara tatu, si insha. Aya zilifuata matini badala ya hoja.

Dawa ilikuwa jedwali. Safu tatu za matini, mistari minne ya hoja: muda, nauli, heshima, usalama. Pale matini ilipogusa hoja, kisanduku kilipata dondoo moja fupi na namba ya ukurasa au ubeti. Hoja iliyojaza kisanduku kimoja tu ilifutwa (usalama uliondoka hivyo, ingawa ulivutia).

Kisha kila aya ilianza na hoja, matini zikagonganishwa humo: makala inasifu njia maalumu kwa kuokoa muda, ilhali abiria anasema muda huohuo unaishia kituoni akisubiri basi. Hapo "ilhali" ina kazi. Kuibandika kwenye rasimu ya zamani hakukusaidia kitu. Shairi halikugusa nauli, hivyo halikulazimishwa kuingia aya hiyo.