Programu ya Baba imelia tena

Jumamosi iliyopita nimefanikiwa kufungua ALAMA.EXE. Baba aliiandika mwaka 1995 kwa Turbo Pascal 7, zana ya kuandikia programu, ijumlishe alama za wanafunzi na kuwapanga nafasi. Shule yao hapa Korogwe ilikuwa na kompyuta moja, yenye prosesa ya zamani ya 386. Mimi nikimsomea alama kwenye daftari, yeye anaandika.

Windows 11 iliikataa palepale. Programu hiyo ni ya biti 16, mtindo wa kompyuta za zamani, na Windows za biti 64 haziendeshi programu za namna hiyo. Nikaweka DOSBox, ambayo hujifanya kompyuta ya zamani nzima. Hupokea kila amri ambayo programu inampa prosesa wa enzi zile, ikaitimiza yenyewe. Nikaandika `mount c c:\baba`, kisha `c:`, kisha `alama`.

Skrini ikajibu: Runtime error 200.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Kwenye mipangilio ya DOSBox niliweka `cycles=max`, yaani ikimbie kwa kasi yote, nikidhani kasi ikizidi ndiyo vizuri. Turbo Pascal ina sehemu iitwayo Crt, na ndani yake mna Delay, amri ya kusubiri. Ili ijue kupima muda, Crt ikianza tu huzunguka bure kwa milisekunde 55, ikihesabu imezunguka mara ngapi, kisha hugawanya hesabu hiyo kwa 55. Jibu lazima lisizidi 65,535, ndicho kikomo cha biti 16. Prosesa akiwa na kasi kupita kiasi, jibu halienei, na programu inakufa kabla hata ya kuonyesha menyu. Ugonjwa huu ulianza kuonekana zilipoingia prosesa za Pentium II.

Nikarudisha `cycles=3000`. Skrini ya bluu ikatokea, maandishi ya njano, "CHAGUA DARASA". Faili za 1996 zilikuwamo zote. Nikachagua Form Two A, nikabonyeza P. Majina yakaanza kupanda na kushuka polepole yakijipanga, kisha spika ikalia mara tatu: ti, ti, tiii.

Baba alikuwa barazani. Akaingia na redio mkononi.

"Form gani hiyo umemaliza kupanga?"

Nikampisha kiti. Akavaa miwani, akashuka kwenye orodha hadi kwa wanafunzi wawili wenye jumla sawa, 512, mmoja wa nne, mwingine wa tano.

"Hawa walitakiwa wote wawe wa nne. Sikuwahi kulirekebisha hili. ALAMA.PAS unayo?"

Ninayo, ndilo faili la maandishi ya programu yenyewe. Tangu jana anaishughulikia.