Neno Ambalo Mama Aliona Aibu Kulisema

Siku ya nne ya homa, dada yangu aliniuliza ni nani aliyekuwa akichoma nywele chumbani. Hapakuwa na moto wala harufu yoyote. Nilifungua dirisha ili kumridhisha, nikarudi kuketi kando ya kitanda chake, na swali lile sikulitilia maanani, kwa kuwa mtu mwenye homa kali huweweseka, na sote tulikwisha kuamini kwamba homa ile ingepita yenyewe.

Jioni alianza kukosea majina ya vitu. Kioo alikiita kijiko, na saa ya ukutani akaiita “ile ya kuhesabia”, ilhali alikuwa mwalimu wa lugha ambaye tangu utotoni alinisahihisha kila nilipoteleza katika neno. Mama alipomletea maji, alimfukuza kwa neno zito ambalo sikupata kulisikia kinywani mwake kabla ya siku hiyo, na sijalisikia tena. Mama aliiweka bilauri chini, akatoka bila kujibu.

Usiku huohuo tulimpeleka hospitali. Daktari wa zamu alimpima joto, akasikia kwamba miezi ile alikuwa na kazi nyingi, akasema ni uchovu na msongo wa mawazo, akatupa dawa ya kushusha homa na kuturudisha nyumbani. Hakuuliza hata swali moja kuhusu maneno yaliyokuwa yakichanganyika mbele yake, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Saa tisa usiku mkono wa kulia wa dada ulianza kutukutika, kisha upande wa kulia wa uso, kisha mwili mzima ukakakamaa na kutikisika kwa dakika ambazo sikuweza kuzihesabu.

Katika hospitali ya pili, daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu. Baada ya kumdhibiti mgonjwa alituuliza kama kabla ya hapo dada alikuwa amesema au kufanya jambo lolote lisilo la kawaida yake. Mama aliinamisha kichwa, akasema hapana. Nilielewa alichokuwa akikifanya: alikuwa akimsitiri mwanawe. Kwake yeye, neno lile lilikuwa aibu ya nyumbani, na aibu ya nyumbani haipelekwi mbele ya mgeni. Ikabidi niseme mimi. Nilitaja harufu ya nywele, nikataja kioo na kijiko, na mwishowe, huku nikikwepa kumtazama mama, nikalitaja lile neno.

Daktari aliyaandika yote matatu. Kisha akamgeukia mama na kusema kwa upole, “Mama, neno hilo limenisaidia kuliko hata kipimo cha joto.”

Dripu ya asaiklovia, dawa ya kupambana na virusi, ilianza saa ileile, kabla ya jibu lolote kutoka maabara, kwa sababu, kama alivyotueleza, katika ugonjwa aliokuwa akiushuku, kila saa ya kungoja hulipwa kwa seli za ubongo. Baadaye alichukuliwa maji ya uti wa mgongo, ambayo yalikutwa na chembechembe nyeupe nyingi kupita kiasi, na asubuhi picha ya MRI ilionyesha eneo lililong’aa upande wa kushoto wa ubongo, nyuma ya panja. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, kilithibitisha baada ya siku mbili: virusi vya hepesi simpleksi aina ya 1, vilevile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni.

Tulipoambiwa kwamba kuna uvimbe kwenye ubongo, mama aliuliza upasuaji ungefanyika lini. Lugha yetu inatumia neno moja kwa mambo mawili, na daktari aliketi akayatenganisha. Hapakuwa na kinundu cha kukata. Ubongo wenyewe ulikuwa umevimba, kama ngozi inavyovimba na kuwaka pale ilipoumia, ila ngozi ina nafasi ya kutanuka na ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Watu wengi mno hubeba virusi hivi tangu utotoni, vikiwa vimejificha katika mishipa ya fahamu ya uso, na kwa mwaka ni watu 2 hadi 4 tu katika kila milioni 1 ambao hupatwa na ugonjwa wa namna hii. Virusi vikiingia ubongoni huua seli, na kinga ya mwili huamka kupambana navyo: seli za ulinzi zinazoishi humo ndani, yaani maikroglia, humwaga kemikali ziitwazo saitokaini, kuta za mishipa midogo ya damu hulegea, na maji pamoja na chembechembe nyeupe hupenya mahali ambapo kwa kawaida haviruhusiwi. Kwa hiyo sehemu ya madhara hutokana na adui, na sehemu nyingine hutokana na vita vyenyewe. Eneo lile la nyuma ya panja ndilo linalohusika na harufu, majina ya vitu, hisia na kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mambo yale matatu niliyoyataja, ambayo kwangu hayakuwa na uhusiano wowote, yalikuwa yametoka mahali pamoja.

Kabla ya asaiklovia kuanza kutumika katika miaka ya 1980, takriban wagonjwa 7 kati ya kila 10 walifariki. Dada aliwekewa dripu kila baada ya saa 8 kwa siku 21, akaishi. Lakini alikuwa akiniuliza, “Mdogo wangu, umekuja lini?” na nikishamjibu aliuliza tena kabla sijabadilisha mkao. Usiku mmoja nilisoma habari za Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza aliyepatwa na ugonjwa huu mwaka 1985, ambaye kumbukumbu zake mpya zilidumu kwa sekunde chache tu ingawa aliweza bado kupiga piano, na sikuweza kulala. Nilianza kuandika daftari: tarehe, saa, joto, alichouliza, alichokumbuka. Niliyaandika pia yaliyotangulia, tangu siku ya harufu.

Wiki ya nne alipimwa kwa orodha ya maneno 15. Baada ya nusu saa hakukumbuka hata moja. Baada ya miezi tisa alikumbuka 8, akakasirika kwamba si 15, na hasira ile ilinifurahisha, kwa maana ilikuwa ya mwalimu niliyemfahamu.

Majuma yale ya ugonjwa hayakumrudia kamwe. Ndiyo maana siku moja aliomba daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, mama akiwa ameketi karibu naye. Alipofika siku ya nne alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Mama, kweli nilikwambia hivi?”

Mama aliomba kalamu. Pembeni ya lile neno, kwa mwandiko wake wa taratibu, aliandika saa ya jioni ile na joto ambalo mimi nilikuwa nimesahau kuliandika: nyuzi 39.4.