Siku moja maishani mwangu: sumu ya konokono na miguu ya mjomba

Saa 11 na nusu alfajiri

Simu inaonyesha 5:30, mimi nahesabu saa kumi na moja na nusu. Miaka mitatu hapa Brisbane, Australia, haijanitoa kwenye hesabu ya nyumbani. Chai ya tangawizi, mkate mkavu, mbio hadi gatini. Boti za mtoni nauli yake ni senti 50 tangu 2024, na mtu wa Pangani, pwani ya Tanzania, huwezi kumwambia kuna boti halafu apande basi.

Nasomea uzamivu wa kemia ya dawa. Nyumbani wakiniuliza nafanya nini huku, nawajibu kwamba natengeneza sumu ya konokono, kisha nasubiri wamalize kucheka.

Saa 1 asubuhi

Kabla sijavua hata begi, naenda kuangalia kilicholala kwenye friji.

Yupo konokono wa baharini aitwaye Conus magus, gamba lake limechongoka kama pia. Anakula samaki. Konokono kumkamata samaki! Anamvizia, anamchoma kwa jino lililo kama chusa, na samaki anakauka papo hapo. Ndani ya sumu hiyo kuna peptidi moja fupi, yaani uzi wa vipande viitwavyo asidi amino, 25 tu, na sita kati yake ni aina iitwayo sisteini. Sisteini hizo hushikana mbili mbili zikaukunja uzi mzima uwe kifundo. Piga hesabu: sita zinaweza kujigawa jozi tatu kwa njia 15. Njia moja tu ndiyo dawa, nyingine 14 ni takataka za bei ghali.

Kuunga uzi wenyewe ni kazi ya mashine, asidi moja baada ya nyingine juu ya punje za resini. Kuukunja ndiko kunakonizeesha. Jana jioni niliuacha kwenye maji yenye chumvi na glutathioni, kisaidizi cha kukunja, kwenye baridi, ukajikunje wenyewe usiku. Asubuhi nachukua tone moja, nalipeleka kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Uzi ulionyooka una uzito wa 2645, kwa kipimo ambacho haidrojeni moja ni 1. Kila jozi inayofunga inaachia haidrojeni mbili, kwa hiyo uliofunga zote tatu unatakiwa usome 2639. Usingizi wangu wote wa jana ulikuwa kwenye hiyo tofauti ya sita.

Nasoma: 2639. Nasema alhamdulillahi kwa sauti, mwenzangu wa meza ya pili anageuka. Halafu naona kilima kingine pembeni kwenye grafu, kidogo lakini kinene: 2655.

Kumi na sita zaidi. Hiyo ni oksijeni moja, na najua imekaa wapi: kwenye methionini, asidi ya 12 katika uzi, inayoshika kutu haraka kuliko msumari wa dau. Najua pia nani kaiingiza. Ijumaa niliacha kichupa wazi mezani nikaenda kuswali, nikapitia chakula, nikarudi baada ya saa mbili. Wa kumlaumu hayupo.

Saa 3

Kutenganisha nzuri na mbovu. Mchanganyiko unapita kwenye kolamu, bomba lililojaa punje laini, kila kitu kinatoka kwa zamu yake, nami nakinga mirija. Kazi hii ni kusubiri, basi niwape historia.

Baldomero Olivera, Mfilipino, alirudi Manila kutoka Marekani akiwa mtaalamu wa DNA. Maabara haikuwa na vifaa vya kuendeleza kazi ile. Konokono walikuwepo. Akaanza nao, pamoja na Lourdes Cruz, baadaye akahamia Utah. Huko mwanafunzi wake Craig Clark akatoa wazo la kuwadunga panya sehemu za sumu moja kwa moja kwenye ubongo, badala ya tumboni. Ghafla kila sehemu ikawa na tabia yake: hii inalaza panya, ile inamkimbiza, nyingine inamtetemesha. Ile ya kutetemesha ilisafishwa na Michael McIntosh, kijana wa miaka 18 aliyetoka tu sekondari. Ndiyo niliyonayo hapa mbele yangu. Ilipita karibu robo karne tangu mikononi mwake hadi Desemba 2004, Marekani ilipoiruhusu kuwa dawa ya maumivu makali sugu, jina lake zikonotaidi.

Inafanyaje? Habari ya maumivu ikitoka mguuni hufika kwanza kwenye pembe ya nyuma ya ugwe mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili za mgongo. Pale seli moja hukabidhi habari kwa nyingine, na ili ikabidhi lazima kalsiamu iingie kupitia vilango fulani. Peptidi hii inaziba vilango hivyo. Mzigo unaishia bandarini. Haimzoeshi mtu kama mofini, wala haizimi pumzi.

Saa 6 mchana

Wali na dengu, na makala ya kusoma. Leo narudia ile ya 2010 ya David Craik na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, mji huu huu. Walichukua peptidi ya konokono mwingine, Conus victoriae, wakaunganisha kichwa na mkia kwa asidi amino sita, ikawa duara. Mojawapo ya njia ambazo tumbo huzila peptidi ni kuanzia ncha. Duara halina ncha. Panya wakanyweshwa, na maumivu yakapungua. Naipenda makala hii kwa sababu isiyo ya kisayansi, mtaiona baadaye.

Saa 8

Kupima unga wa peptidi niliyotengeneza wiki iliyopita. Unga ni mwepesi kama pamba ya msufi, na siku kavu kama leo unajaa umeme wa kusugua: nikisogeza kijiko unaruka na kugandia ukutani mwa kichupa. Nashika pumzi. Miligramu 4, yaani mikrogramu 4,000. Dozi ya juu kabisa ya mgonjwa ni mikrogramu 19.2 kwa siku, kwa hiyo vumbi hili, ambalo ukipiga chafya limekwenda, ni hesabu ya siku 208 za mtu mmoja.

Saa 9 alasiri

Pangani ni saa 2 asubuhi. Nampigia mjomba.

Mjomba alikuwa mkwezi. Alianguka kutoka kwenye mnazi, mgongo ukavunjika, toka kiunoni kushuka hana habari. Hapo ndipo pana fumbo: ukimchoma sindano mguuni hajui, lakini usiku miguu hiyo hiyo inawaka moto. Njia ya habari imekatika, ila seli za juu ya jeraha zinapiga kelele zenyewe. Amitriptilini aliyopewa inampunguzia kidogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Dawa imeiva?"

Anauliza hivyo kila wiki. Leo nimemweleza yote. Kwamba dawa ipo, lakini haimezwi wala haidungwi mkononi, kwa sababu haivuki kuingia kwenye ubongo na ugwe. Inataka pampu ipachikwe chini ya ngozi ya tumbo, mrija upitishwe hadi kwenye maji ya uti wa mgongo, na daktari wa kuijaza kila mara. Na wengine inawachanganya akili, wanaona vitu visivyokuwepo.

"Vitu gani? Mashetani?"

"Pengine, mjomba."

"Basi niache na moto wangu." Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza huyo konokono yukoje, nikamwelezea gamba.

Saa 10

Chumba cha pili, mwenzangu ana vipande vyembamba vya ugwe wa panya vikiogea kwenye maji yenye oksijeni. Sipendi kuangalia asubuhi vinapokatwa, naja vikiwa tayari. Anachokoza mzizi wa neva, seli inajibu, wimbi linapanda kwenye skrini. Tunatia peptidi yangu. Dakika chache hakuna kitu. Kisha wimbi linafupika, linafupika tena. Halikukatika kabisa, wala halitakiwi.

Ananiambia, "Safi." Huyu husifu mara mbili kwa mwaka.

Saa 12 na nusu jioni

Niko kwenye boti, simu inalia. Picha kutoka kwa mjomba: makonokono mawili juu ya sinia, barazani. Maji yalikuwa kupwa, kawatuma wajukuu. "Hawa hapa wa kwenu. Nikuwekee?"

Nikakuza picha. Gamba jepesi, pana, madoa ya kahawia kama ramani. Conus geographus. Huyu ameshaua watu, na dawa ya kuzimua sumu yake haipo.

Nikapiga, mikono inatetemeka. "Mjomba, mtoto yeyote asiguse! Nani kawashika?"

"Waliwabeba kwenye ndoo. Mmoja anatoa kamkonga hapa."

"Mpe shangazi simu."

Shangazi hakuuliza swali. Nikasikia koleo la mkaa likigonga sinia, kandambili zikishuka ngazi, halafu upepo wa pwani umejaa kwenye simu. Ikasikika chubwi majini, kisha ya pili.

"Nimewarudisha kwao," akasema. "Na mjomba wako nitaongea naye."